Sura ya Tatu Ina Maji Mengi

Saa kumi alfajiri, kuni mbichi zinalialia.
Jiko la chuma linakohoa, linazimika, nalipuliza tena.
Nje, mvua ya Valdivia imeingia siku ya tisa
na hakuna anayeihesabu ila mimi,
kwa kuwa Amparo ana sketi moja ya shule
na haijakauka.

Nimeitundika kitini, kando ya tarakilishi.
Ninaandika: tabaka la nne ni mchanga,
sentimita saba, umelalia udongo wa malisho.
Maana yake, hapa palikuwa na ng'ombe,
kisha Mei ya mwaka wa sitini ardhi ikatetemeka,
ikashuka kimo cha mtu,
na maji yakaja kutazama kilichotokea.
Ng'ombe wakawa hadithi. Malisho yakawa kinamasi.
Leo batamaji wa shingo nyeusi wanalea vifaranga
juu ya ua wa mtu.

Hapo nasikia miguu. Nahuel, miaka mitano:
"Mama, nimeota jino limeng'oka nikalimeza."
Tunalitazama. Lipo. Linacheza.
Nampa kidole akishike mpaka usingizi urudi.
Mkono uliobaki hauzifikii herufi zote.

Saa mbili, darasa la kwanza kati ya sita.
Vijana thelathini na wanane, madirisha yametoka jasho.
Mmoja ananiuliza: "Mwalimu, ati na wewe unasoma?
Kwa umri huo?"
Nacheka nao, nageukia ubao,
nakuta nimeandika tarehe ya jana.

Barua ya Profesa Iribarren ilikuwa mistari miwili:
Sura ya tatu ina maji mengi.
Ikaushe.
Niliisoma kwenye foleni ya mkate
nikaangua kicheko, mwenye duka akauliza kulikoni.
Ningemweleza nini? Kwamba katika mji huu
kuna mtu bado anaamini kitu kinaweza kukauka?

Aliyeiita shahada ya uzamivu alijua alichosema.
Ila mzamiaji huvuta pumzi moja, akazama, akaibuka na chake.
Mimi nazama vipande vipande:
dakika ishirini wali ukiiva,
kumi na moja nje ya kliniki ya meno,
nusu saa garini, Eladio amelalia usukani
ametoka zamu ya usiku kiwanda cha karatasi,
nami sitaki kumwamsha, wala sitaki afike nyumbani
kabla sijamaliza aya.

Mshika mbili, moja humponyoka.
Wa tatu hawakumtaja. Labda walimwonea haya.

Julai tuligombana. Si kwa kelele.
Alisema tu, akisugua sufuria:
"Miaka sita, Yasna. Tope lile lina sitini na ushei.
Lingekungoja."
Nilitaka kusema, tope linangoja, mimi ndiye nisiyengoja.
Nikachukua taulo.
Nikakausha sahani mojamoja, polepole,
kama mtu aliyeagizwa kukausha sura.

Kwenye friji, kati ya jibini na supu ya jana,
limelazwa bomba la plastiki:
miaka mia tatu ya kinamasi, imefungwa mipira miwili.
Mtu amebandika karatasi yenye herufi za kuyumba: USILE.
Herufi L imetazama nyuma.
Chini yake, kwa kalamu ya Eladio: hata ukitoka zamu.

Jana Amparo alinisomea sura hiyo nikimenya viazi.
Akafika katikati ya ukurasa, akameza mate.
"Mama, sentensi hii haina mlango wa kutokea."
Nikamwambia, ikate.
"Wapi?"
Unapoishiwa pumzi.

Saa kumi na moja kasoro. Kuni zimeshika.
Nimefuta mistari minne, nimeandika miwili.
Sketi imekauka upande mmoja.
Naigeuza.